Alichokinyamazia Rozalia

Kwa mara ya kwanza tangu wapendane, Gervasi alimshika Rozalia mkono mchana kweupe, mbele za watu, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kuwatazama.

Ilikuwa Istanbul, mwezi wa Januari. Theluji ilikuwa ikianguka kidogo kidogo kama sufi inayopukutika mtini, ikiwatua mabegani na kuyeyuka. Wenyeji wa mji walipita wameinamisha vichwa, kola zimewafunika masikio, kila mtu na hamsini zake. Nani pale angejua kwamba huyu ni Rozalia, binti wa Mzee Telesphory wa Mwamgongo? Nani angekimbia mpaka Gungu kumnong'oneza Mama Bariki kwamba mwanawe kaonekana na yule binti?

"Mkono wako umekuwa kama samaki mgebuka wa kwenye barafu," Gervasi alisema.

"Glavu moja nimeiangusha jana madukani."

"Basi lete na mwingine."

Akaichukua mikono yote miwili, akaitia ndani ya mfuko wa koti lake, wakawa wanatembea upande upande kama kaa. Rozalia alicheka. Kicheko chenyewe hakikufika mbali. Kesho walikuwa wanapanda ndege kurudi nyumbani, na nyumbani wangeanza tena kupishana kama watu wasiojuana. Gervasi angepita dukani kwa Rozalia, pale sokoni Mwanga, Kigoma, akijifanya anaulizia kitambaa. Kanisani wangekaa pande mbili. Ujumbe wa simu wangeusoma na kuufuta papo hapo.

Mbele yao walitembea Shadia na Castory, wakibishana njia. Shadia alikuwa mtoto wa Ujiji, muuza mapazia na mitandio, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu sokoni. Yeye alikwisha kuzoea safari za Uturuki, na ndiye aliyewashawishi wenzake waje wachague bidhaa kwa macho yao. Castory aliuza viatu. Gervasi aliuza suti na mashati ya kiume. Rozalia alikuwa fundi cherehani ambaye sasa alitaka kuuza na nguo za madukani. Wote wanne walipakana pale Mwanga, na hao wawili wa mbele ndio watu pekee duniani waliojua kilichokuwa kati ya hao wawili wa nyuma.

Mizigo ilikuwa imekwisha kufungwa. Castory alikuwa ameapa kwamba hataondoka nchi ya watu bila kula chakula cha maana. Alisema amekula mikate mpaka tumbo limesahau kazi yake.

Mkahawa waliouchagua ulikuwa kando ya maji. Walipofungua mlango joto liliwapokea pamoja na harufu ya samaki wa kukaangwa. Shadia alifumba macho, akavuta pumzi.

"Jamani. Nimefika Kibirizi kwa wauza samaki."

Walikaa dirishani. Shadia alivua koti la kwanza, akavua la pili, na chini yake wakaona kanga aliyojifunga kiunoni juu ya suruali. Castory alimtazama akatikisa kichwa.

"Usinitazame hivyo," Shadia alisema. "Baridi ya huku haijui heshima ya mtu. Wewe mwenyewe umevaa soksi zote ulizokuja nazo."

Mhudumu, mzee mmoja mnene mwenye masharubu, aliwasemesha maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa mpaka alipotamka neno moja. Chai. Wote wanne waliitikia kwa pamoja, naye akacheka kifua kikatikisika. Chai ililetwa katika bilauri ndogo zisizo na mkono wa kushikia, nyekundu, bila maziwa. Baadaye ikaja sinia ya samaki wadogo waliokaangwa wamepangwa kama miale ya jua.

"Huyu si dagaa huyu?" Castory aliuliza.

"Dagaa wa huku," Shadia alisema. "Kakulia kwenye barafu, ona alivyonona."

"Amenona lakini hana historia. Dagaa wa kwetu anaanikwa mchangani, anapigwa jua, akifika kwenye sufuria ana mambo ya kusimulia."

"Kula, Castory."

Walikula kwa mikono kama walivyozoea. Gervasi alimtolea Rozalia miba, akamwekea minofu pembeni mwa sahani, na hakuona haya. Rozalia alimtazama vidole vyake vilivyokuwa vikifanya kazi hiyo kwa utulivu. Akawaza kwamba hivi ndivyo wake za watu wanavyoishi. Wanakaa mezani na waume zao na samaki anawashuka tumboni bila hofu. Ni jambo dogo tu, na yeye alilazimika kuvuka mabara kulipata.

"Mbona huli?" Gervasi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nakula."

"Unanitazama."

"Huku ruhusa."

Gervasi aliacha samaki, akamtazama naye. Macho yake yalikuwa ya marehemu kaka yake. Rozalia alimkumbuka Bariki vizuri, kijana mrefu aliyependa kupiga mluzi, aliyekuwa akipita Mwamgongo na boti za mawese. Kila mtu wa mwambao ule alimkumbuka. Na kila mtu alikumbuka jinsi alivyokufa.

Miaka kadhaa ilikuwa imepita. Bariki alikwenda Kagunga kuchukua mawese, na siku ya kurudi alipanda boti ya Mzee Telesphory. Ziwa lilikuwa limechafuka tangu asubuhi. Boti nyingine zote zilivutwa nchi kavu. Ya Mzee Telesphory peke yake iliondoka, na kabla haijafika Mwamgongo ikapinduka. Wavuvi waliwaokoa watu wote isipokuwa mmoja. Bariki walimpata kesho yake, wakamzika Gungu, na mama yake akaapa juu ya kaburi kwamba nyumba ya yule nahodha na nyumba yake hazitakula chungu kimoja mpaka kiama. Wengine walisema mzee alikuwa amelewa. Wengine walisema tamaa ya nauli. Mzee Telesphory hakujibu neno. Aliiuza boti, akalima mihogo, na hata mlango wa nyumba yake uliokuwa ukitazama ziwa aliuziba kwa matofali, akafungua mwingine upande wa mlimani.

Katika msiba huo ndipo Gervasi na Rozalia walipoanza. Rozalia alikwenda kuhani peke yake, baba yake akiwa hawezi. Mama Bariki alimfukuza kwa mkono, bila kusema. Gervasi ndiye aliyemfuata nje mpaka barabarani, akamwomba msamaha kwa niaba ya mama yake. Kuanzia siku ile moyo ulifanya ulichotaka.

"Nina neno," Gervasi alisema ghafla, akafuta mikono. "Castory, acha kutafuna, nisikilize."

"Masikio hayatafuni, kaka. Sema."

"Tukirudi Kigoma, nampeleka Rozalia nyumbani. Mlango wa mbele, mchana, watu wakiona. Nimechoka kumficha mtu ninayempenda kama vile nimemwiba."

Shadia aliweka mkono kinywani. Rozalia alihisi uso ukimwaka moto, baridi yote ikamtoka.

"Mama atakufukuza," alisema polepole.

"Atafoka. Atalia. Halafu atakuzoea. Nani aliyekaa na wewe siku moja asikuzoee?"

"Gervasi, usiharakishe."

"Ningoje mpaka lini? Nikifika pale na kumkuta amekaa kwenye kile kiti chini ya picha ya kaka, naishia kuulizia chakula. Najijua. Nimejaribu mara nyingi. Ndiyo maana nataka kumwambia sasa hivi, nikiwa huku, nyie mkiwa hapa."

"Kwa simu?" Shadia aliuliza. "Jambo kama hili?"

Lakini Gervasi alikwisha kuitoa simu. Aliiegemeza kwenye chupa ya maji, akabonyeza. Rozalia, bila kufikiri, alisogeza kiti chake pembeni asionekane. Alifanya hivyo kama mtu anayefukuza nzi, kwa mazoea. Gervasi aliona. Alikishika kiti kile kwa mkono mmoja, akakivuta karibu yake, akakishikilia.

Mama Bariki alitokea kwenye kioo. Alikuwa amekaa sebuleni kwake, kitambaa cheusi kichwani, kile ambacho hakukivua tangu mazishi.

"Mwana wanje, mwanangu," alisema, na uso wake ukachangamka. "Umekula?"

"Ndiyo nakula, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Huko baridi haijakuua?"

"Sijambo. Mama, nina mtu nataka umwone. Nataka niwe nimekwambia mwenyewe kabla hujasikia kwa watu."

Akaigeuza simu kidogo. Rozalia akajikuta uso kwa uso na mwanamke ambaye alikuwa akimkwepa barabarani kwa miaka yote ile.

"Shikamoo, mama."

Mama Bariki hakuitikia. Kule Gungu jogoo alisikika akiwika uani. Castory aliiacha bilauri ya chai ikiwa imeinuliwa nusu.

"Baba yako hajambo?" mama aliuliza mwishowe. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama ya mtu anayeuliza habari za mvua.

"Hajambo, mama."

"Anakula?"

"Anakula kidogo."

"Usiku analala?"

Rozalia alisita. "Halali vizuri."

"Na mimi silali," Mama Bariki alisema. "Gervasi. Unataka kuniletea huyu nyumbani, anipakulie chakula? Nimwite binti?"

"Nampenda, mama. Yeye hakuwa kwenye boti. Hakufanya kosa lolote."

"Sijasema amefanya kosa. Nasema nyumba yao ina damu. Lakini mimi si mnyama." Alisogea karibu na simu mpaka uso wake ukajaa kioo chote. "Nitamuuliza swali moja tu. Akinijibu, nitalifikiria. Wewe binti. Ziwa lilikuwa bovu siku ile. Manahodha wote walikataa. Na baba yako alikataa, watu wa Kagunga walimsikia. Halafu akaondoka. Kwa nini aliondoka?"

Gervasi aligeuka akamtazama Rozalia, na Rozalia aliliona tumaini machoni mwake, tumaini la mtu aliyekuwa akilisubiri jibu hilo miaka yote bila kuthubutu kuuliza.

Na yeye jibu alikuwa nalo.

Alilipata siku alipomwambia baba yake kwamba anampenda mtoto wa Mama Bariki. Mzee Telesphory alikuwa anamenya mihogo. Aliweka kisu chini, kisha akasema mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Kwamba siku ile alikataa kuondoka. Kwamba Bariki alimpigia simu mama yake, halafu akampa mzee simu aongee naye, wakiwa wamesimama wawili tu ufukweni. Kwamba mama yule alimwomba sana. Washenga wa Bariki walikuwa wanaondoka alfajiri kwenda kwa wakwe, na kijana alitakiwa awepo usiku huohuo.

"Nikalegea," mzee alisema. "Nahodha ni mimi, mwanangu, siyo yeye. Mimi ndiye niliyeliona ziwa."

"Kwa nini hukusema, baba? Watu wamekuita mlevi. Wamekuita muuaji."

"Nimwambie nani? Mwanamke amezika mtoto. Leo niende nimwambie kwamba yeye ndiye aliyemwita kaburini? Mwache awe na mtu wa kumlaumu. Na wewe usiseme. Hata kwa kijana huyo. Hasa kwa kijana huyo, maana huyo ndiye aliyembakia."

Maneno hayo yote yalimpita Rozalia kichwani pale mezani. Alimtazama Mama Bariki kwenye kioo. Alitarajia kuona chuki. Aliiona, lakini nyuma yake kulikuwa na kitu kingine. Mama yule alikuwa anaogopa. Macho yalikuwa yametoka, midomo imekazwa, na kitambaa cheusi kilitetemeka juu ya paji la uso. Hakuwa anauliza kwa sababu hajui. Alikuwa anauliza ili ajue kama na Rozalia anajua.

Sentensi moja ingetosha. Sentensi moja, na baba yake angeweza kupita Mwanga kichwa kimeinuka. Gervasi angekuwa wake. Na mwanamke yule angevunjika mbele ya mtoto wake, kwenye kioo kidogo kilichoegemezwa kwenye chupa ya maji, wageni wakitafuna samaki meza za jirani.

"Sijui, mama," Rozalia alisema. "Hakuwahi kuniambia."

Kitambaa kilitulia. Mama Bariki alishusha pumzi ndefu, akarudi nyuma kwenye kiti chake, akaonekana mzee kuliko alivyokuwa mwanzo wa mazungumzo.

"Umesikia, Gervasi," alisema. "Hata binti yake hajui. Mtu anaua mtoto wa mwenzake, na sababu hana. Ukimleta hapa, mimi nitatoka." Simu ikakatika.

Mhudumu alikuja na chai nyingine bila kuitwa, akaiweka, akaondoka kwa kunyata. Kumbe msiba hauhitaji mkalimani.

"Roza," Gervasi alisema. "Kweli hujui?"

"Nimekwisha kusema."

"Umemwambia mama. Sasa niambie mimi. Mzee hakukwambia hata neno moja? Miaka yote mnakaa nyumba moja?"

"Gervasi, mwache," Shadia alisema.

"Sitaki kumwacha. Mama ametoa nafasi. Umemsikia, amesema atafikiria. Hajawahi kusema hivyo tangu kaka afe. Alitaka sababu tu. Hata ingekuwa mbaya. Hata angesema baba yake alikuwa amelewa—"

"Baba yangu hanywi," Rozalia alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikwaruza.

"Basi alikuwa na nini?"

Rozalia alisimama, akavaa koti lake. Lilikuwa koti zito la mtumba, alilolipata sokoni Mwanga kwenye rundo ambalo watu wa Kigoma hulipita tu, maana nani pale anahitaji koti la theluji. Alitoka nje. Gervasi akamfuata.

Baridi iliwapiga usoni. Maji yalikuwa ya kijivu, na ng'ambo ya pili haikuonekana kwa theluji. Meli moja ilipiga honi mahali fulani, wasiione. Walisimama kwenye ukuta mfupi, safari hii kila mmoja na mikono yake.

"Unajua," Gervasi alisema. Hakuwa anauliza. "Mimi nakujua wewe. Ukisema uongo unashika kifungo cha nguo. Umekishika pale mezani, na sasa umekishika."

Rozalia aliangalia mkono wake, akauachia.

"Unamficha baba yako. Kuna kitu alifanya, na wewe unakijua, na umeona bora tuachane kuliko mimi nikijue. Ni kweli?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko mezani. Mezani alikuwa anamlinda mama wa watu. Hapa alitakiwa kumuuza baba yake, amwache aonekane mkosaji. Alimfikiria yule mzee akimenya mihogo, amelipa ziwa kisogo. Alifikiria kwamba angesema ukweli, Gervasi angempigia mama yake saa hiyohiyo, kwa hasira, kutoka nchi ya mbali, na mama yule yuko peke yake nyumbani na picha ukutani.

"Nikisema ndiyo, utafanyaje?" aliuliza.

"Nitajaribu kukusamehe."

"Na utaweza?"

Theluji ilimkaa Gervasi kwenye nyusi, naye hakuifuta. "Sijui," alisema. "Ningekuoa. Lakini nadhani kila nikikutazama ningekuwa nauliza."

"Basi usinioe."

"Rozalia."

"Usinioe, Gervasi. Mimi siwezi kuulizwa swali hilo maisha yangu yote. Siku moja nitachoka."

"Ukichoka si utasema?"

"Ndicho ninachokiogopa."

Alimtazama bila kuelewa. Rozalia alitamani aelewe. Ilimuuma kwamba mtu huyu anayejua hata vifungo vyake ashindwe kusoma usoni mwake jambo moja lililobaki. Lakini Gervasi aliona alichoweza kuona, binti anayesimama upande wa baba yake. Akainamisha kichwa.

"Nilidhani unanipenda," alisema.

"Ndivyo."

"Siyo kuliko yeye."

Rozalia aliliacha neno hilo lisimame. Gervasi alingoja alikanushe. Alipoona hakanushi, aligeuka akaondoka kando ya ukuta, mikono mfukoni, mpaka mgongo wake ukachanganyika na migongo ya watu wengine wenye makoti meusi.

Machozi yalimtoka hapo. Yalikuwa ya moto mashavuni, na yakipoa yanauma.

Mlango wa mkahawa ulifunguliwa. Shadia alitoka bila koti, kanga kajitupia begani, simu yake mkononi. Uso wake ulikuwa na mshangao.

"Shoga, chukua. Ni Mama Bariki. Ni mteja wangu wa mapazia, namba yangu anayo. Anakutaka wewe. Nimemwambia hapa hatutaki mtu atukanwe, akasema hatatukana."

Rozalia aliipokea simu, akaiweka sikioni. Shadia alimtazama kidogo, akarudi ndani.

"Rozalia."

"Naam, mama."

"Gervasi yuko hapo?"

"Hayupo. Niko peke yangu."

Akasikia pumzi za mama yule, nzito, kama za mtu aliyepanda mlima.

"Alikwambia," Mama Bariki alisema.

Rozalia aliangalia huku na huku, kana kwamba kuna wa kusikia. "Aliniambia."

"Alikwambia maneno yangu yote?"

"Alisema ulimwomba, mama. Kwamba washenga walikuwa wanaondoka. Basi."

"Basi?"

"Hakusema lingine."

Mama Bariki alitoa sauti ndogo, si kilio, si kicheko. "Mimi sikumwomba. Alinikatalia, nikamtukana. Nilimwambia kama ziwa limemshinda avue suruali, ajifunge kanga, akae jikoni na wanawake. Mtu mzima vile. Bariki yuko pembeni anasikia. Nilimwambia hivyo." Sauti ikamkatika. "Hilo hakukwambia?"

Rozalia alishika ukuta. Barafu iliyokuwa juu yake ikamuunguza kiganja. "Hapana, mama. Hilo hakuniambia."

Hapo mama yule alilia. Alilia kwa kujizuia, kama mtu aliyeziba mdomo kwa nguo, na Rozalia alibaki amesimama nchi ya ugeni akimsikiliza, naye machozi yakimchuruzika, wawili hao wakilia kwa simu moja.

"Kwa nini hukumwambia mwanangu?" mama aliuliza baadaye. "Nilikupa mlango. Nilijua utasema. Nilikuwa nimekaa hapa nangoja kufa."

"Angebaki na nani, mama?"

Jogoo aliwika tena kule uani kwa Mama Bariki. "Nimejaribu kumwambia," alisema. "Kila mwaka siku ya misa ya marehemu najiambia leo. Siwezi, Rozalia. Kinywa hakifunguki. Nikimwambia, ataniangalia kwa macho ya kaka yake."

"Najua."

"Na wewe nikikuona nyumbani kwangu kila siku, unanipakulia, unaniita mama, na unajua..." Alivuta pumzi. "Siwezi. Unanielewa? Sikuchukii. Nisamehe, lakini siwezi."

"Nimekuelewa, mama."

"Kwa hiyo utamwacha."

Rozalia alitazama upande Gervasi aliokwendea. Watu walikuwa wengi, wanakuja na kwenda. "Nimekwisha kumwacha," alisema.

"Mungu akulipe," Mama Bariki alisema, kwa sauti iliyokatika, na kwa aibu. "Msalimie baba yako."

Simu ilipokatika Rozalia hakurudi ndani mara moja. Aliokota theluji kidogo ukutani, akajipangusa nayo macho, akangoja uso upoe. Alipoingia, Castory alikuwa amevuta sahani ya Rozalia karibu na birika la chai ili chakula kisipoe, na Shadia alikuwa ameinamia meza. Rozalia alimrudishia simu yake. Alikaa, akala samaki wawili, akawameza kwa shida.

Baada ya muda Gervasi alirudi. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa theluji, macho mekundu. Alisimama mbele ya meza akiitazama simu iliyokuwa mbele ya Shadia.

"Nikiwa kule mbali nilikuona pale ukutani unaongea na simu," alimwambia Rozalia. "Ulikuwa unalia. Nani yule?"

Shadia aliinua kichwa. Rozalia alimwahi.

"Nyumbani," alisema.

"Wanasemaje?"

"Wanasema tusafiri salama."

Gervasi aliitikia kwa kichwa. Akazunguka meza, akavuta kiti cha upande wa pili, karibu na Castory, akakaa.